Maswali Yenu: Spika Nne Ndani ya Chumba Kitupu

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja: maonesho ya sauti waliyoyaandaa wanafunzi wa chuo kikuu hapa Unguja, sehemu katika ukumbi wa chuo na sehemu katika nyumba ya zamani Mji Mkongwe. Waliokwenda kuyatazama wanauliza walichokisikia ni nini. Wanaotaka kuandaa ya kwao wanauliza ufundi. Tumeanza na wa kwanza.

Assalamu alaikum. Binti yangu anasoma chuoni, akanialika kwenye maonesho yao. Niliingia chumba cha giza, nikakuta spika nne juu ya vigoda na mlio kama wa mtu anayekuna nazi. Picha hakuna hata moja. Nilikaa dakika mbili nikatoka nikampa hongera. Nimekosea? Na hii kweli ni sanaa?
*Mama mtu, Kikwajuni*

Waalaikumu salamu, Mama. Hongera haina dosari, ila dakika mbili ni chache. Kazi ya sauti ina mwanzo na mwisho, halafu inazunguka tena. Karibu na mlango huwa pana kikaratasi chenye jina la kazi na muda wa mzunguko wake: dakika 7, dakika 22, pengine saa nzima. Kisome hicho kwanza. Kama ni dakika 7, kaa zote saba, hata ukiwa umeingia katikati.

Halafu usigande pahala pamoja. Simama kati ya chumba, kisha jongea mpaka sikio liwe shibri moja kutoka ukutani, kisha inama usawa wa spika. Utasikia sauti nzito imejaa ukutani na imepungua katikati. Sababu yake iko katika jibu linalofuata. Ukiona viti vimewekwa, basi mwenye kazi alitaka ukae. Visipokuwapo, alitaka utembee.

Jina ndilo linalochanganya. Kwetu ukitaja sanaa ya sauti mtu hufikiria uimbaji. Hapa mlio wowote, wa mbuzi ya nazi au wa mota ya maji, ndio malighafi, na chumba unamosikilizwa ni sehemu ya kazi. Wala si jambo la juzi. Mwaka 1944 mjini Cairo, mtunzi wa muziki Halim El-Dabh aliazima rekoda ya waya kutoka kituo cha redio, akairekodi ngoma ya zar ya wanawake, yaani ngoma ya kupunga pepo, ambayo wazee wetu hawahitaji kufafanuliwa. Aliichezea studioni, akaitia mwangwi, kisha akaisikilizisha katika ukumbi wa maonesho ya sanaa. Hiyo ni miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kutoa redioni Paris kazi zake za milio ya treni na masufuria. Mwaka 1977 Max Neuhaus alificha spika chini ya wavu wa chuma njiani Times Square, New York, bila kibao chochote, na watu wengi hupita juu yake bila kujua. Mwaka 2010 Susan Philipsz alipata Turner, tuzo kubwa ya sanaa nchini Uingereza, kwa sauti yake mwenyewe ikiimba kwenye spika. Mkuno wa nazi una ukoo, Mama.

Mwulize binti swali moja: kwa nini spika ni nne, si mbili? Akiwa na jibu, kazi ilifikiriwa.

Tumepewa chumba katika nyumba ya zamani: upana mita 3.5, urefu mita 9, kimo mita 4. Dari la boriti, kuta za mawe na chokaa. Tunafungulia masimulizi ya bibi mmoja lakini maneno hayashikiki, yanavuma tu. Tumeongeza sauti, ikawa vibaya zaidi.
*Wanafunzi watatu, Tunguu*

Ukiongeza sauti unaongeza na mwangwi kwa kiasi kilekile. Chumba chenu kina maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mwangwi unaochelewa kufa. Mtu aliyeujulia hesabu ni Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, na kisa chenyewe kilitokea katika jumba la sanaa la chuo. Mwaka 1895 aliombwa atibu ukumbi wa mihadhara wa Fogg, ambamo neno liliendelea kusikika zaidi ya sekunde tano baada ya msemaji kunyamaza. Usiku usiku alihamisha matakia ya viti kutoka ukumbi mwengine, akayaongeza kidogo kidogo huku akipima. Kipimo chake cha mwanzo kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti ikishatoka dirishani hairudi.

Hesabu yake ni hii: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, gawa kwa umezaji, yaani kiasi cha sauti ambacho kuta zinakimeza, upate sekunde za mwangwi. Ujazo wenu ni mita za ujazo 126. Kuta, sakafu na dari kwa pamoja ni kama mita za mraba 163, na chokaa ngumu humeza takriban asilimia 3 ya sauti inayoipiga, yaani sawa na dirisha la mita za mraba 4.9. Jibu linakuja sekunde 4 na kidogo. Masimulizi yanataka chini ya sekunde 1. Moja na nusu yanavumilika.

Tundikeni mita za mraba 20 za pazia zito la mikunjo, sentimita 10 mbali na ukuta, na mwangwi unashuka hadi kama sekunde 1.4. Kufungua madirisha mawili makubwa, bila pazia, kunaushusha hadi kama sekunde 2, bure, lakini vespa na wauza kahawa wataingia kwenye kazi yenu. Godoro la sponji la sentimita 10 lililosimamishwa nyuma ya pazia linasaidia sana. Kanga msijisumbue nayo. Ni nzuri kwa macho, ila kitambaa chepesi kama kile kikibandikwa ukutani hakimezi cha maana. Mkeka mwembamba vilevile. Zulia nene sakafuni linameza milio myembamba tu, sauti nzito zinapita.

Maradhi ya pili ni mvumo. Kila jozi ya kuta zinazotazamana ina sauti yake: gawa mwendo wa sauti, ambao kwa joto letu la nyuzi 30 ni kama mita 349 kwa sekunde, kwa upana mara mbili. Mita 3.5 inatoa Hz 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde. Boriti za mikoko ndizo zilizopima vyumba vya Mji Mkongwe, kwani hazivuki zaidi ya mita 3 na ushei, kwa hiyo vyumba vingi vya mji vina sauti yao baina ya Hz 50 na 58, pamoja na mara mbili na mara tatu yake. Na umeme wetu unakwenda kwa Hz 50. Kelele ndogo ya waya mbovu, ambayo darasani msingeisikia, chumba hiki kinaipokea na kuikuza. Sauti hiyo ya Hz 50 hujaa ukutani na kufa katikati ya upana, ndiyo maana Mama wa Kikwajuni tumemwambia atembee.

Fanyeni hivi. Kwenye programu ya kuhariri kateni kila kilicho chini ya Hz 120. Sauti ya bibi haina kitu huko, mnatupa uvumi mtupu. Ondoeni spika kwenye pembe za chumba, ziwe angalau sentimita 70 kutoka kila ukuta, maana pembe huamsha mivumo yote kwa pamoja. Kisha badala ya spika mbili kubwa zinazopiga chumba kizima, wekeni ndogo nne au sita, kila moja mita 1 kutoka kwa msikilizaji, usawa wa sikio la aliyekaa, yaani mita 1.2. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya moja kwa moja inapungua desibeli 6, lakini mwangwi haupungui. Ukaribu ndio dawa ya rahisi kuliko zote hapa.

Kama mtataka kuyageuza maradhi yawe kazi, yupo aliyetangulia: Alvin Lucier wa Marekani, mwaka 1969. Rekodi mtu akisema kwa dakika moja. Ifungulie chumbani kwa spika, irekodi upya kwa maiki iliyo mita 3 mbali, fungulia hiyo ya pili, rekodi tena. Ikifika mara ya kumi hivi maneno yanayeyuka, zinabaki sauti za chumba peke yake. Zimeni kwanza kile kitufe cha rekoda kinachojirekebishia sauti chenyewe, la sivyo kila mzunguko kitapandisha mchakacho, na mwisho mtabaki na mchakacho mtupu.

Nimebandika kisahani cha piyezo, kile kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, kwenye ngarawa na kukichomeka moja kwa moja kwenye rekoda. Mlio unatoka mwembamba kama mkebe wa dagaa. Kisahani kibovu?
*Fundi redio, Malindi*

Kizima. Kosa liko mdomoni mwa rekoda, pale unapochomeka waya. Kisahani cha milimita 27 kina uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban nanofaradi 20, na kikikutana na ukinzani mdogo hugeuka chujio la sauti nzito. Mdomo wa maiki wa rekoda nyingi una omu 2,000 hivi, kwa hiyo kila kilicho chini ya Hz 4,000 kinapungua, na mwili wa ngarawa uko hukohuko chini. Mdomo wa omu 10,000 unaanza kupunguza chini ya Hz 800. Ukipata wa omu milioni 1, kama wa amplifaya ya gitaa, unashuka mpaka Hz 8 na ngarawa nzima inasikika. Kwa hiyo tia kati yake kisanduku cha kuunganishia gitaa (DI) chenye betri. Kile kisichotumia betri huwa na kama omu 140,000, si kibaya, kinaanza kupunguza karibu na Hz 57.

Wakati wa kulehemu, shaba ya nje ni hasi na kauri nyeupe ya kati ni chanya. Gusa kauri sekunde 2 tu. Ukizidisha inaungua au rangi yake ya fedha inabanduka, na hapo ndipo kisahani kinakuwa kibovu kweli. Tumia waya wenye ngao, usiozidi mita 2 kabla ya kisanduku. Funika kisahani kwa utepe, juu yake karatasi ya alumini iliyounganishwa na hasi, kisha utepe tena, la sivyo kitavuma kila mkono unapokikaribia. Ukibandike kwa gundi laini ya mabango au kwa kibanio. Utepe wa sponji unakula milio myembamba. Kwenye mlango wa kuchonga usitie gundi ya aina yoyote. Kibanio na kitambaa, basi.

Na wanaokwenda Nungwi kwa waunda mashua: nyundo ya kalfati ndiyo yenye faida. Pamba ikianza kuingia kwenye mshono mlio ni mzito na mfu, ikishakaza unapanda na kuwa mkavu, na fundi husikiliza huohuo kujua mshono umeshiba. Bandika kisahani ubao wa tatu kutoka anapogonga. Karibu zaidi ya hapo kila kipigo kitapasua rekodi.

Nina rekoda ndogo ya mkononi. Nataka kurekodi uchambuaji wa karafuu, na pia sauti za chini ya maji kwenye mikoko. Upepo unaniharibia kila kitu.
*Mwalimu wa skuli, Wete*

Sponji nyeusi inayokuja na rekoda inazuia pumzi ya msemaji, kusi haiwezi. Kinachozuia upepo ni hewa tuli inayoizunguka maiki. Chukua dema dogo au kikapu cha matundu, kivishe kitambaa chepesi kilichokaza, ning'iniza rekoda katikati kwa mipira ili isiguse kitu, ibaki sentimita 10 kila upande. Juu ya kitambaa ukiongeza manyoya bandia, kama yale ya zulia la mtoto, utarekodi hata pwani. Washa na kikato cha sauti zilizo chini ya Hz 80.

Karafuu ni mlio mdogo. Weka maiki sentimita 20 hadi 30 kutoka mikononi, usawa wa jamvi, upande ambao makonyo hayatupwi. Unachokitaka ni ule mkatiko wa tumba linapoachana na konyo, halafu mvua ndogo zinapoanguka jamvini. Usiishike rekoda mkononi: kila kidole kinasikika kama hatua ya mtu. Kilele cha sauti kikae kama desibeli 12 chini ya kikomo. Rekodi dakika tatu mfululizo bila kusema, lakini mwanzoni taja mahali, tarehe na saa, maana baada ya wiki faili zote zinafanana. Kwa WAV ya biti 24, sampuli 48,000 na njia mbili, saa moja inakula kama gigabaiti 1.

Chini ya maji tumia kisahani tulichokieleza juu, kilichozibwa. Hapa wengi wanaunguza kazi kwa silikoni ya dukani inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi, na ndani ya wiki chache inakula shaba. Tumia gundi ya kuchanganya ya makopo mawili, mikono miwili ya gundi, saa 24 kati ya mmoja na mwengine, na toboa kila kipovu kwa pini kabla haijakauka. Kipovu kikibaki kinaziba milio. Kwenye mikoko utasikia mchatuko usiokatika, kama bisi zinazoruka sufuriani. Usidhani waya umekatika. Ni kamba wadogo wenye gando moja kubwa: wakilifunga, maji yanaruka kwa kasi, kipovu kinazaliwa na kupasuka, na mpasuko ndio mlio.

Ukitoka chumba cha kiyoyozi, iache rekoda ndani ya mfuko uliofungwa dakika 30 kabla ya kuitumia nje, isije ikatoa jasho ndani. Jioni ipanguse kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kisha ihifadhi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Je, tunaweza kutumia kanda za taarab za zamani, na adhana iliyoingia kwenye rekodi ya mtaani?
*Mwanafunzi, Mwanakwerekwe*

Kanda kuwa ya zamani hakuifanyi yako. Aliyetunga, aliyeimba na kikundi kila mmoja anaweza kuwa na haki. Anzieni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na muwaone wenyewe au warithi wao. Hata sekunde kumi zilizokatwa na kugeuzwa zinahitaji ruhusa. Wanawake wanaochambua karafuu waulizwe kabla, si baada, na wasikilizishwe kazi kabla haijafunguliwa: wapo wasiotaka sauti zao zisikike kwa kadamnasi hata kama walikubali kurekodiwa.

Adhana iliyosikika kwa mbali katika rekodi ya mtaa iacheni ilivyo, nzima. Kuikata, kuirudiarudia au kuipindua hatukushaurini, hata mwalimu wenu akiiona ni ubunifu. Na adhana ya kweli ikipigwa, kazi inyamaze. Msitegemee saa ya kujizima, kwa kuwa nyakati zinasogea kila siku na misikiti ya Mji Mkongwe haianzi kwa sekunde moja. Mkono wa msimamizi unatosha.

Spika zetu nne tulizichomeka kwenye vichezeshi vinne vya flashi. Asubuhi zilikwenda pamoja, alasiri kila moja njia yake. Pia pana "tik" kila mzunguko unapoanza, na umeme ukikatika kimya mpaka mtu aje. Msaada.
*Kamati ya maonesho*

Kila kichezeshi kina saa yake ndani, na zinatofautiana. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni haisikiki kwa dakika moja, lakini kwa saa nane ni karibu sekunde moja na nusu. Ama tumieni kifaa kimoja chenye njia nne za kutolea sauti, ama andikeni kazi ambayo haihitaji kwenda pamoja. Hiyo ya pili ni nafuu, na mara nyingi ni nzuri zaidi.

"Tik" inatokana na MP3, ambayo huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili. Tumieni WAV, na punguzeni sauti polepole kwa sehemu ya kumi ya sekunde kila ncha.

Kwa umeme, nunueni kichezeshi kinachoanza chenyewe kikipata moto. Kijaribuni dukani, muuzaji akiwa anaangalia: chomoa, hesabu kumi, chomeka. Spika nazo ziwe na kitufe cha kubonyeza kinachobaki kimezama. Zile za kitufe cha kugusa hurudi zikiwa zimezimwa. Vitu vyote vichomekwe soketi moja ya ukutani kupitia kamba moja ya soketi nyingi, mvumo utapungua. Mvumo ukibaki, msikate mguu wa ardhi wa plagi, huo unalinda maisha ya mtu. Tieni transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti.

Msimamizi anayekaa chumbani saa nane asipigwe na zaidi ya desibeli 85, na kwa kazi kama zenu 65 hadi 70 zinatosha kabisa. Programu ya simu itawapa makadirio. Pimeni kutoka kwenye kiti chake.